Mkono huu ni wa nani? Mawazo juu ya kutambua na kuandika kazi za mchoraji aliyekufa

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, majina ya ukoo na mambo mengine ya wakubwa wetu. Safari hii tunaomba ruhusa tuseme juu ya jambo linaloonekana kuwa la mbali: namna gani watu wanajua kwamba tablo fulani ni kazi ya mchoraji fulani, na nani ana haki ya kulisema. Tutakwenda mpaka Paris, kwa wachoraji wa karne ya 19, kisha tutarudi hapa Katanga. Lakini swali lenyewe halikutukuta Paris. Lilitukuta mlangoni pa jirani, na tunaanzia hapo.

1. Karatasi moja tu

Katika kartye yetu aliishi mchoraji. Hatutaji jina lake, kwa kuwa familia yake iko. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyonyooshwa na kupakwa rangi nyeupe. Alichora Lumumba, mamba muntu, askari wa wakati wa Wabelgiji na fimbo yake, mambo ambayo watu walitundika katika salon zao. Miaka michache baada ya kifo chake akafika mnunuzi kutoka Ulaya. Alipenda tablo moja iliyobaki nyumbani, akakubali bei nzuri, lakini akataka karatasi yenye kuhakikisha kwamba ilichorwa na marehemu mwenyewe. Mjane akatuma mtoto atuite, kwa sababu kazi yetu ni kufundisha, na tulikuwa tukiingia katika atelye ya marehemu karibu kila juma.

“Mwalimu,” mama alituambia, “wee njo unajua mukono yake. Andika tu. Ni karatashi moja. Batoto banafukuzwa ku masomo juu ya minervali.”

Tulikuwa tayari kuandika. Tulipokuwa tungali uwanjani, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu akatukaribia, akasema kwa sauti ya chini: “Mwalimu, ile tablo mi njo nilichoraka. Muzee alikuwa mugonjwa. Alinionyesha fashi ya kuweka barangi, kisha akasinya yeye mwenyewe. Haiko bongo.”

Tulibaki na kalamu mkononi. Jina lilikuwa la marehemu, na aliliandika yeye. Wazo lilikuwa lake. Mkono ulikuwa wa mwingine. Mama alikuwa akingoja ndani. Tungeandika nini?

Tulichoandika tutakisema mbele. Kwanza tuwaangalie wengine waliowekwa mbele ya swali hili kabla yetu.

2. Nukta za Seurat

Georges Seurat alizaliwa Paris mwaka 1859. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliingia katika namna mpya ya kuchora. Hakutaka kuchanganya rangi mpaka zipoteze nguvu. Aliweka nukta ndogo ndogo za rangi safi, moja kando ya nyingine, buluu kando ya rangi ya machungwa, nyekundu kando ya kijani, ili jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe kwa mbali. Tablo yake kubwa, ya watu wanaopumzika siku ya yenga katika kisiwa cha Grande Jatte, ina upana wa metre tatu na kimo cha metre mbili. Ilionyeshwa Paris mwaka 1886, na mwaka uliofuata ikapelekwa Bruxelles, katika maonyesho ya chama cha Les XX. Jina lenyewe la waneo-impresionisti lilitolewa na mwandishi Félix Fénéon katika gazeti la Bruxelles, L’Art moderne, mwezi wa 9 mwaka 1886. Kumbe kundi hili la Paris lilipata jina lake katika mji wa mfalme Leopold II, ambaye mwaka mmoja tu ulipita tangu ajifanye mwenye Kongo.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Fénéon huyo aliandika mwaka 1886 kwamba katika uchoraji huu wepesi wa mkono hauna kazi tena, na ujanja hauna nafasi. Kinachotakiwa ni jicho. Yaani nukta ni nukta. Na kweli, wengine wakaifuata njia hiyo: Paul Signac, Maximilien Luce, Henri-Edmond Cross, hata mzee Camille Pissarro kwa miaka michache, na kule Ubelgiji Théo van Rysselberghe. Seurat mwenyewe hakufurahi sana. Aliogopa kwamba watu wakiwa wengi katika njia ile, upya wake utapungua.

Basi, mtu akileta leo kibao kidogo chenye nukta, bila jina, tutajuaje kuwa ni cha Seurat? Seurat aliacha vibao vingi vya namna hiyo. Alichora majaribio yake nje, kando ya mto, juu ya mbao za sentimetre 16 kwa 25 hivi, kama kifuniko cha sanduku la sigara. Vingi havikusinywa. Kwake vilikuwa maandalizi ya kazi kubwa. Kwa wafanya biashara wa leo vina bei ya kutisha. Na pale penye bei ya kutisha, waongo hawakosi kufika.

3. Chumba cha marehemu

Seurat alikufa tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka 1891, baada ya ugonjwa wa siku chache tu, akiwa na miaka 31. Familia yake ilikuwa karibu haijui kwamba alikuwa na mwanamke, Madeleine Knobloch, na mtoto wa kiume. Alimpeleka kwa mama yake katika siku zake za mwisho. Mtoto yule naye alikufa majuma mawili hivi baada ya baba. Tufikiri hali ya nyumba ile: mama amepoteza mwana, mwanamke ambaye ukoo haukumjua amepoteza mume na mtoto, na chumba kimejaa tablo, vibao na karatasi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Miezi miwili haikupita. Katika mwezi wa tano marafiki watatu, Fénéon, Signac na Luce, waliingia katika atelye pamoja na ndugu ya marehemu. Tuwatambue watu hao. Fénéon alikuwa karani katika Ministeri ya Vita. Signac alikuwa mchoraji mwenye mali kidogo. Luce alikuwa mwana wa watu wa kazi, fundi wa kuchonga picha juu ya mbao. Walihesabu, wakapanga, wakatia alama. Mpaka leo mtaalamu akigeuza kibao au karatasi ya Seurat, anatafuta nyuma yake alama za kalamu ya rangi zilizowekwa wakati ule, namba, au herufi L ya Luce. Kisha kazi ziligawanywa kati ya ukoo na Madeleine Knobloch, na marafiki wakapewa chache kwa ukumbusho.

Wasomaji wetu wanajua jambo hili kwa jina lingine. Hapa kwetu, siku ya kumaliza matanga, wazee wanakaa chini. Wanauliza: Nani anamdai marehemu? Marehemu alimdai nani? Ameacha nini? Kila kitu kinasemwa mbele ya mashahidi, kabla vitu havijatawanyika na kabla wenye tamaa hawajaamka. Wale watatu walifanya kazi hiyo ya matanga. Hawakuandika karatasi kwa sababu mnunuzi alikuwa mlangoni. Wanunuzi walikuwa wachache sana wakati ule. Waliandika kwa sababu rafiki amekufa, na wao njo waliomwona akifanya kazi. Tuweke jambo hili moyoni, tutalirudilia.

4. Mashahidi wa aina tatu

Alama nyuma ya kibao haikutosha. Kazi zingine Seurat alikuwa amezigawa akingali hai, na alama yenyewe inaweza kuigwa. Kwa hiyo Fénéon aliendelea kuandika habari za kila kipande: nani alikuwa nacho, alikipata kwa nani, kilionyeshwa wapi. Alikufa mwaka 1944. Kitabu kilichojengwa juu ya kazi yake, volumu mbili, kilitoka Paris mwaka 1961 kwa mkono wa mfanya biashara wa sanaa César de Hauke. Hesabuni wenyewe: miaka 70 tangu kifo cha mchoraji. Kitabu cha namna hiyo, chenye kutaja kazi zote za mtu mmoja kwa namba, vipimo, mwaka na historia yake, Wafaransa wanakiita katalogi rezone, yaani orodha yenye sababu. Neno “sababu” ni muhimu. Haitoshi kusema “ndiyo”. Lazima kusema juu ya nini.

Sababu zenyewe zinatoka kwa mashahidi wa aina tatu.

Wa kwanza ni historia ya kitu, yaani barua, risiti, picha za zamani, mfululizo wa mikono iliyokishika tangu mchoraji mpaka leo. Signac alitusaidia sana hapa. Alikuwa mtu wa mpango: alishika kaye za kazi zake, na kwa miaka kadhaa aliandika namba juu ya tablo zenyewe kama wanamuziki wanavyofanya. Picha yake maarufu ya Fénéon, ya mwaka 1890, ina namba 217. Mchoraji anayejiandika mwenyewe anawapunguzia wajane na watoto taabu nyingi.

Wa pili ni jicho. Mtu aliyeangalia nukta za Seurat miaka ishirini anajua mwendo wake, sawa vile mwalimu anavyotambua mwandiko wa mwanafunzi bila kuangalia jina juu ya kopi. Hapa Fénéon hakuona sawasawa mwaka 1886: hata nukta ina mkono ndani yake. Signac wa baadaye aliweka vipande vikubwa, karibu kama vijiwe vya kupambia ukuta. Seurat aliweka vidogo vyenye kufuata umbo. Lakini jicho linadanganywa pia, na hasa jicho linalotamani kupata.

Wa tatu ni maabara. Wanapiga picha kama zile za hospitali ili kuona kilichofichwa chini ya rangi. Wanachunguza rangi zenyewe. Rangi nyeupe ya titani, kwa mfano, iliingia katika kazi ya wachoraji baada ya vita ya 1914-1918. Ikipatikana ndani ya nukta zinazosemwa kuwa za mwaka 1888, habari imekwisha. Kwa rangi hiyo hiyo Mjerumani Wolfgang Beltracchi alikamatika: iligunduliwa katika tablo aliyoisema kuwa ya mwaka 1914, na mwaka 2011 korti ikamhukumu. Rangi zinasema hata bila kuulizwa. Katika Grande Jatte, manjano ya zinki iliharibika na kugeuka kahawia, na Fénéon aliliona jambo hilo tangu mwaka 1892. Lakini tuelewe mpaka wa maabara. Inaweza kusema “hapana” kwa nguvu. Kusema “ndiyo, ni yeye” haiwezi, kwa sababu mwongo mwenye akili anaweza kutafuta mbao za zamani na rangi za zamani.

Basi mwishoni tunarudi kwa mtu. Lazima mtu asimame na kusema, na swali linageuka kuwa la moyo: mtu huyo tumwamini juu ya nini?

5. Shahidi mwenye faida

Wengine watajibu: tumwamini asiye na faida. Jibu ni zuri, lakini mtu huyo hayuko. Fénéon mwenyewe, tangu 1906 mpaka 1924, alifanya kazi katika duka la tablo la Bernheim-Jeune. De Hauke aliishi kwa kuuzisha na kununua, na baada ya vita ya pili jina lake lilikuwa katika orodha ya watu walioshukiwa na wachunguzi wa Marekani juu ya biashara ya kazi za sanaa zilizoporwa. Hata hivyo kitabu chake njo wataalamu wote wanachofungua, na namba zake njo zinazotajwa. Na kwa Signac? Katalogi ya tablo zake ilitoka mwaka 2000 kwa kazi ya Françoise Cachin, mjukuu wake, pamoja na Marina Ferretti-Bocquillon. Bibi Cachin alikuwa mkubwa wa kwanza wa jumba la makumbusho la Orsay, mjuzi kweli. Lakini alikuwa pia damu ya mchoraji. Tuseme damu inamharibu shahidi? Kwetu, nani anajua mambo ya mzee kuliko mjukuu aliyekaa karibu na kiti chake?

Ukweli ni kwamba anayejua ni yule aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ana faida, au ana mapendo, au ana hasira. Hatuwezi kupata shahidi asiye na ukoo. Tunachoweza kumwomba ni mambo matatu: aseme wazi yeye ni nani mbele ya kitu hicho, atoe sababu ili mwingine azipime, na awe na moyo wa kusema “sijui”.

Hapo kuna haki pia. Mwezi wa kwanza mwaka 2014 Korti ya Kasasyo ya Ufaransa ilikata kesi juu ya tablo iliyosemwa kuwa ya Jean Metzinger, ambaye katika ujana wake naye alifuata njia ya nukta kabla ya kuingia katika ukubisti. Mwandishi wa katalogi alikataa kuiingiza, na korti ya chini ikamwamuru aiingize. Korti ya Kasasyo ikasema hapana: uhuru wa kusema mawazo hauruhusu kumlazimisha mwandishi kuandika katika kitabu chake jambo asilolisadiki. Tunaona hapo hekima ya zamani. Shahidi anayelazimishwa kusema “ndiyo” si shahidi tena.

6. Sanamu zilizokwenda bila jina

Sasa turudi kwetu, na njia ya kurudia ni ya uchungu kidogo.

Kati ya waneo-impresionisti wa Ubelgiji alikuwamo Henry van de Velde. Baadaye aliacha kuchora, akawa mtengenezaji wa nyumba na viti. Mwaka 1897, katika maonyesho makubwa ya Tervuren juu ya Kongo, alikuwa mmoja wa wale waliopamba vyumba. Mle ndani viliwekwa vitu vilivyotoka kwetu: sanamu, viti, silaha, vikapu. Tuweke tarehe hizi mbili pamoja. Mwaka 1891 marafiki wanaandika namba nyuma ya kila kibao kidogo cha Seurat, hata karatasi ya kujaribia, ili jina lake lisipotee. Miaka sita baadaye kazi za mafundi wetu zinapangwa mbele ya watu bila majina ya mafundi. Kwa vitu vya namna hiyo, makaratasi yalishika mara nyingi jina la afisa aliyevileta. Jina la aliyechonga halikuulizwa.

Kuna watu, hata wasomi, wanaosema: wakubwa wenu hawakuwa na haja ya jina, sanaa yao ilikuwa ya kabila zima. Tunakataa. Kijijini kila mtu alijua kiti cha chifu kilitoka kwa fundi gani, na watu walitembea siku nyingi kumfikia. Tena, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na alama, ambao wenye elimu ya Mbudye waliusoma kwa kidole: shanga hii ni mfalme, ile ni safari, hii ni mahali patakatifu. Bila watu wa kumbukumbu, bana balute, lukasa ni ubao wenye nukta tu. Pamoja nao, ni kitabu cha historia. Kwa hiyo kuhifadhi majina na kuyahakikisha mbele ya mashahidi kulikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Mfano wake ni fundi wa Buli. Katika miaka ya 1930 Mbelgiji Frans Olbrechts aliangalia sanamu na viti vya upande wa Katanga ya kaskazini, vilivyotawanyika katika makumbusho mbalimbali, akaona katika baadhi yake uso mmoja: mrefu, mashavu yaliyobonyea, macho mazito kama ya mtu aliyechoka. Akasema kazi hizi zinatoka mahali pamoja. Kwa kuwa mbili zilipatikana kijijini Buli, akaziita za Buli. Alitumia jicho, sawasawa na wale wa Paris. Lakini jicho lilimpa jina la kijiji tu. Baadaye, watafiti walipopokea habari za wenyeji wenyewe, jina la mtu likatoka: Ngongo ya Chintu, wa Kateba. Na wataalamu wengine wakaongeza: zitazameni vizuri, mikono si mmoja, huenda ni fundi na waliomfuata.

Fundi na wanafunzi wake. Hapo tulikumbuka uwanja wa jirani yetu.

7. Kurudia si kudanganya

Hapa Lubumbashi wachoraji wanarudia. Mnunuzi akiona mamba muntu kwa jirani, anataka naye ya kwake, na mchoraji anachora tena, mara ishirini. Hakuna aliyedanganywa. Mwanafunzi anafuata mkono wa mwalimu, sawa vile vijana wa Paris walivyofuata nukta. Wakati wa Hangar ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanzishwa Élisabethville mwaka 1946, Bela alichora kwa vidole, nukta kwa nukta, na Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi. Hawakuyatoa kwa Seurat, lakini wengi wakawafuata wao. Kufuata si kosa. Uongo unaingia mahali pamoja tu: pale jina linaposema jambo ambalo mkono haukulifanya, na mtu analipa kwa sababu ya jina.

Kuna pia mfano mzuri wa mji wetu. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda-Matulu alichora kwa ajili ya profesa Johannes Fabian historia ya nchi yetu, tablo karibu mia moja, na alizieleza moja moja kwa Kiswahili cha hapa, sauti yake ikishikwa na mashine. Kitabu kilitoka mwaka 1996. Tangu mwaka 1981 hivi Tshibumba hakuonekana tena. Lakini kwa tablo zile hakuna mjane atakayeitiwa karatasi. Mwenyewe aliulizwa akingali hai, akajibu.

Sasa tuseme tulichoandika siku ile. Tuliandika kwamba tablo imetoka katika atelye ya marehemu. Kwamba jina juu yake ni la mkono wake, tunaujua. Kwamba mwanafunzi wake, tukamtaja kwa ruhusa yake, anasema yeye ndiye aliyeichora chini ya uongozi wa mzee. Na kwamba hatukuwapo kuona. Mnunuzi alisoma, akafikiri, akatoa nusu ya bei. Mama alipokea feza bila kutuangalia. Muda mrefu alipita mbele ya mlango wetu bila salamu, na watoto wake wawili walimaliza mwaka ule nyumbani.

Tumejiuliza mara nyingi kama tulifanya vema. Wengine walituambia: mnunuzi ni tajiri, marehemu mwenyewe alisinya, nanyi ni nani kuliko yeye? Neno hili lina uzito. Mchoraji aliitaka iwe yake. Lakini mnunuzi hakutuuliza marehemu alitaka nini. Alituuliza nani alichora. Na kijana yule alikuwa mbele yetu, hai, akingoja kuona kama mkono wake utahesabiwa kuwa mkono. Tungeandika “ndiyo” tupu, tungefanya kwake jambo lile lile tunalolaumu Tervuren: kazi inakwenda, jina linabaki nyuma. Tena karatasi moja ya uongo ikijulikana, karatasi zote za mji wetu zinaoza pamoja nayo, na wajane wengine njo watakaolipa.

Hata hivyo hatuwezi kujisifu. Kosa letu lilianza kabla ya siku ile. Tulikuwa majirani, tuliingia katika atelye, tulikuwa na kaye na kalamu kila siku mikononi, na alipokufa tulileta mchele na makaa kwa matanga, tukalia, tukaenda. Hakuna kati yetu aliyesema: kabla hatujatawanyika, tuhesabu alichoacha, na wanaojua waseme. Kama tungefanya hivyo, mambo ya mwanafunzi yangejulikana bila haraka, bei ingepangwa bila aibu, na mama asingeshikwa kati ya ukweli na minervali. Fénéon na wenzake walifanya kwa majuma. Sisi tulingoja mpaka mnunuzi akawa mlangoni. Ukweli uliocheleweshwa tulimwangushia mjane, na ulikuwa mzigo wa sisi wote.

8. Kwa kumalizia

Tunaleta pendekezo kwa wanachama wetu, si kubwa, wala halihitaji makuta mengi. Katika kila kartye kuna mchoraji, mchongaji, mfinyanzi au fundi wa ngoma aliyezeeka. Tununue kaye moja ya masomo. Twende kwake akingali hai. Na kama amekwisha kufa, twende kwa mjane, watoto na wanafunzi wake, wakiwa pamoja. Kila kazi ipewe namba, vipimo, na mahali ilipo. Kisha ukurasa ugawanywe mistari mitatu: tuliyoyaona kwa macho yetu, tuliyoambiwa, na nani ametuambia, tusiyoyajua. Mstari wa tatu usiachwe, hata kama unatia haya. Mwishoni wote waliokuwapo wasinye, na kila mmoja aandike yeye ni nani kwa fundi: mke, mtoto, mwanafunzi, mnunuzi, jirani.

Kaye ya kwanza tumeianza. Mwaka wa pili baada ya mambo yale, mama alituma tena mtoto kutuita. Hakusema neno juu ya karatasi. Alifungua chumba cha nyuma, ambako magunia yaliyochorwa yalikuwa yamekunjwa juu ya sanduku, na kijana yule alikuwa ameketi tayari. Alituletea kiti. “Andikeni yote,” alisema, “na ile ya huyu, mutie jina yake.”